Kiwanja Kina Mipaka, Umeme Hauna: Kisa cha Makazi ya Sola Mkoani Lindi

## Makazi yenyewe

Makazi haya yako ukanda wa pwani mkoani Lindi. Kisa kimeandaliwa kwa ajili ya kufundishia: majina ya eneo, chama cha wamiliki, mkandarasi na wakazi yameondolewa, na tarakimu zimezungushwa.

Chama kilinunua shamba la minazi na mikorosho, likapimwa viwanja 50 kwenye barabara tatu. Kufikia 2021 nyumba 46 zilikuwa zimehamiwa. Wakazi ni walimu, wauguzi, wachuuzi wa samaki, na wakulima wa korosho na ufuta waliotaka nyumba ya bati na maji ya bomba karibu na mji. Laini ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, wakati huo ilikuwa umbali wa kilomita 11, na hakuna aliyeweza kuwaambia ingefika lini. Ndipo chama kikaamua mtaa mzima utumie sola moja ya pamoja. Mradi ulio chini ya megawati 1 hauhitaji leseni ya kuzalisha umeme, unaandikishwa tu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hivyo upande wa makaratasi haukuwa mgumu.

Hesabu ya msanifu ilikuwa hivi. Kila nyumba uniti (yaani kilowati-saa) 1.6 kwa siku: taa tano, televisheni, feni moja, simu, pasi mara moja kwa wiki, na ziada kidogo ya kukua. Nyumba 46 zinafika uniti 74. Pampu ya kisima ya kilowati 2.2 ikifanya kazi saa nne ni uniti 9. Taa 12 za barabarani, wati 30 kila moja, zikiwaka usiku kucha ni uniti 4. Duka, msikiti na ofisi ya chama vilipewa uniti 6. Jumla, 93.

Vilivyofungwa ni paneli 72 za wati 420, yaani kilowati 30, zikaelekezwa kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 12, kwa kuwa Lindi iko takribani nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Paneli zilipangwa mistari minne ya paneli 18. Betri za lithiamu moduli 15, jumla kilowati-saa 76.8, ambazo asilimia 80 tu ndiyo ya kutumia: uniti 61. Inveta, mashine za kugeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa nyumbani, ni tatu za kilowati 8, kila moja ikibeba fezi yake, yaani moja ya njia tatu za umeme wa mtaa. Kwa jua la saa 5 kwa siku na upotevu wa robo, mtambo ungetoa uniti 113. Kwenye karatasi palibaki ziada ya uniti 20.

Kosa la kwanza lilikuwa tayari ndani ya hiyo tarakimu 5. Ni wastani wa mwaka. Kati ya Januari na Aprili, mawingu yakitanda, mtambo huu ulipata jua lenye thamani ya saa 3.6, na mavuno yakashuka hadi uniti 82. Yaani hata kama hakuna mkazi ambaye angeongeza balbu moja, miezi hiyo umeme ungepungua.

## Mfuatano wa mambo

Mwaka wa kwanza ulikuwa shwari, na ulistahili kusifiwa. Maji yalitoka, barabara zilikuwa na mwanga, duka liliuza soda za baridi, na harufu ya dizeli ilisahaulika. Kila nyumba ililipa shilingi 12,000 kwa mwezi, itumie isitumie.

Korosho ilipolipwa mwisho wa 2022 friji zikaanza kuingia. Msimu uliofuata zikaongezeka, na Machi 2024 mtaa ulikuwa na friji 19. Katika viwanja 11 wenye nyumba walijenga vyumba vya uani vya kupangisha, vyumba 27 kwa jumla, kila kimoja na televisheni na feni yake. Sheria ya chama haikukataza. Kiwanja ni cha mwenye kiwanja, na hati ilisema atajenga kiasi gani. Haikusema atatumia umeme kiasi gani.

Mahitaji yakafika takribani uniti 125 kwa siku. Ubaya zaidi ni majira yake. Kaskazi ndiyo inayoleta joto la kulowesha shuka, basi feni huzunguka usiku kucha katika miezi ile ile ambayo mawingu hupunguza mavuno. Kusi ikianza kuvuma, Juni hadi Septemba, hali inageuka: anga jeupe, usiku wa baridi, betri inajaa saa 5 asubuhi na jua linalobaki halina pa kuwekwa.

Ramadhani ya 2024 iliangukia Machi. Betri ilikuwa inafika mwisho kati ya saa 8 na saa 10 alfajiri, saa ya daku. Watu wanaamka kupasha chakula, mmoja anawasha birika la umeme la wati 2,000, mtaa mzima unaingia gizani. Asubuhi paneli zinaanza na betri tupu, jioni inajaa nusu, na usiku unaofuata giza linakuja mapema zaidi.

Fezi nazo zilikuwa tatizo peke yake. Mkandarasi aliipa kila barabara fezi yake, kazi rahisi ya waya. Barabara ya kwanza ilikuwa na nyumba 21, ya pili 14, ya tatu 11. Saa 2 usiku fezi nyekundu, ya barabara ya kwanza, ilibeba kilowati 7.4 kati ya 8, huku ya bluu, ya barabara ya tatu, ikibeba 2.1. Fundi wa mageti alipochomeka mashine yake ya kuchomelea barabara ya kwanza, inveta ilikata hapo hapo, ingawa mbili nyingine zilikuwa karibu tupu. Na nyumba ya mwisho wa barabara hiyo, mita 420 kutoka kwenye inveta kwa waya wa alumini wa milimita 25 za mraba, ilipimwa voti 196. Kwa voti hizo friji inanguruma bila kuanza, kompresa inapata moto, mwisho inaungua. Friji tatu ziliungua kwa mtindo huo na lawama zote zilikwenda kwa betri.

Kuanzia Juni 2023 likazuka jingine: asubuhi zenye umande inveta zilikataa kuanza hadi saa 3, zikionyesha hitilafu ya insulesheni, yaani umeme unavuja kwenda ardhini. Jua likikausha, kila kitu sawa. Fundi alikuwa akija saa 6 mchana, anapima, haoni kitu, anaondoka na nauli yake.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, Machi 2024, ulikuwa kuzima mtaa mzima saa 5 usiku na kuwasha saa 10 alfajiri. Nia ilikuwa kuokoa umeme wa daku. Uliokoa kweli, lakini ulimwadhibu mwenye taa mbili sawa na mwenye friji mbili, na ndani ya wiki mbili nyumba nne zilikutwa zimejiunganisha kwenye waya wa taa za barabarani. Ukafutwa.

Baada ya hapo kamati ilikaa na mafundi wawili wasiohusika na mkandarasi wa awali. Mambo manne yalifanyika, na mpangilio wake una maana.

Pampu ndiyo ilianza kushughulikiwa. Ilikuwa ikiendeshwa na boya la tangi, kwa hiyo watu wakichota maji jioni, tangi linashuka na pampu inawaka saa 1 usiku kwa umeme wa betri. Ilifungwa saa ya kuwasha na kuzima ili ifanye kazi saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana tu, na tangi la lita 5,000 likaongezewa jingine la 15,000. Uniti 9 zilihama kutoka usiku kwenda mchana kwa gharama ya tangi la plastiki na mnara wake. Ukiwa na jua la ziada mchana, hifadhi maji. Ni hifadhi rahisi kuliko betri yoyote na haizeeki upesi.

Fezi zikafuata. Nyumba sita zenye matumizi makubwa zilihamishwa kutoka nyekundu kwenda bluu. Vilele vya usiku vikawa kilowati 5.1, 4.6 na 4.3. Idadi ya nyumba sasa ni 15, 14 na 17. Kinachosawazishwa ni mzigo, si hesabu ya milango. Nyumba ya mwisho ikapanda hadi voti 212 bila kununua waya mpya.

Hitilafu ya asubuhi ilitafutwa wakati wake, saa 12 na nusu asubuhi, umande ukiwa bado majanini. Utaratibu: kuzima upande wa nyumba, kufungua swichi ya DC (umeme wa mkondo mmoja utokao kwenye paneli), kutenganisha mistari minne, kisha kupima kila mstari, chanya na hasi kwa ardhi, kwa mega, kipimo cha insulesheni, ya voti 1,000. Mistari mitatu ilisoma zaidi ya megaohmu 1. Uliobaki, mstari namba tatu, ulisoma 0.08. Ulipogawanywa nusu kwa nusu, kosa lilipatikana kwenye viunganishi viwili vya watengenezaji tofauti vilivyosukumwa pamoja kwa nguvu na kulala kwenye mchanga. Kwa nje vilishikana, kwa ndani maji ya chumvi yalikuwa yameingia na shaba imekuwa ya kijani. Viunganishi vyote vya aina mbili mbili vilibadilishwa na waya zikafungwa juu ya fremu. Kazi hii si ya fundi wa nyumba: paneli 18 mfululizo zina zaidi ya voti 800 za DC, na cheche ya DC haijizimi.

La nne ndilo lililozua maneno: mgao. Paneli 18 ziliongezwa, mstari wa tano, zikafika 90. Betri hazikuongezwa kwa sababu shida ya masika haikuwa ukubwa wa betri, ilikuwa kuijaza. Fundi mmoja alipendekeza betri za asidi zilizotumika ziunganishwe sambamba na za lithiamu. Hilo lilikataliwa, na ni vyema, maana voti za kuchajia hazilingani: ya asidi hubaki na njaa na ya lithiamu hufanya kazi ya zote mbili.

Kwa paneli 90, siku ya mawingu inatoa uniti 102. Ukitoa 19 za matumizi ya pamoja, zinabaki 83, ambazo zikigawanywa kwa viwanja 46 ni 1.8. Hiyo ndiyo ikawa haki ya kila kiwanja kwa siku, kupitia mita za malipo ya kabla. Mchana, kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri, mita haihesabu mgao ila siku za mawingu mazito. Asiyemaliza zake anaweza kumhamishia jirani kwa bei waliyokubaliana, ofisi inaandika tu. Bibi mmoja anayeishi na mjukuu alikuwa akitumia nusu uniti. Akawa anamuuzia mwenye vyumba vya kupangisha uniti moja kila siku, na fedha hiyo ikawa inalipa ada yake yote. Wenye vyumba walilalamika kwamba chama kimewauzia ardhi kisha kimewanyang'anya matumizi yake. Kisheria walikuwa na hoja.

## Matokeo

Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Kilwa, na kwa siku kadhaa malori ya mafuta hayakupita. Mtaa haukuwa na jenereta ya kutegemea dizeli, na kwa mgao wa uniti 1.8 pampu na friji ziliendelea. Mistari ya paneli ilistahimili upepo kwa kuwa nguzo zilichimbiwa kwenye zege mita moja. Bolti za chuma cha kawaida zilizotumika fremu za mwanzo, hata hivyo, zilikuwa zimeliwa na chumvi kiasi kwamba saba zilikatika zilipokazwa. Zote zimebadilishwa kwa chuma cha pua, na kati ya chuma hicho na alumini ikawekwa washa ya plastiki.

Mwaka 2025 laini ya TANESCO ilifika kijiji cha jirani. Hapo ndipo kisa kinapogeuka, na paneli hazina tena kosa ndani yake.

Betri zilinunuliwa kwa shilingi milioni 58 na zinatarajiwa kudumu miaka 10. Inveta milioni 14, miaka 8. Gawanya kwa nyumba 46: betri inadai 10,500 kwa mwezi kwa nyumba, inveta 3,200. Jumla 13,700, kabla ya mlinzi, fundi na sabuni ya kuoshea paneli. Ada ya miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa 12,000. Kwa maneno mengine, chama kilikuwa kikila betri yake taratibu na kuita hali hiyo umeme nafuu.

Sasa linganisha. Mwenye mgao wa uniti 1.8 kwa siku anatumia 54 kwa mwezi. Kwa mtumiaji mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100 kabla ya makato: 5,400. Kuunganishwa kijijini ni 27,000. Kaya 14, karibu zote za wenye friji na wapangaji, ziliacha umeme wa chama na kuhamia TANESCO. Betri zikapumua, giza la alfajiri likaisha kabisa. Lakini akiba ile ile ya betri na inveta sasa inagawanywa kwa nyumba 32, inafika 19,700 kwa mwezi. Kila anayeondoka anampandishia aliyebaki, na aliyebaki anapata sababu ya kuondoka.

## Uchambuzi

Sifa za makazi ya sola husemwa kwa ujumla kana kwamba paneli ndizo zinazozaa manufaa. Hapa manufaa makubwa yalitoka kwenye mpango: nyumba karibu karibu, kisima kimoja, waya mfupi, uwanja mmoja wa paneli badala ya mapaa 46 yenye mielekeo 46. Nyumba zile zile zingetawanyika mashambani, waya peke yake ungemaliza bajeti. Uwanja mmoja pia huoshwa na mtu mmoja. Hilo si dogo huku kwetu. Kati ya Juni na Septemba wakulima hupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na upepo wa kusi huileta juu ya vioo ikiwa tabaka la njano. Paneli zinazopakana na shamba huoshwa kila wiki katika msimu huo, alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa maji ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukungu mweupe usiotoka. Chumba cha inveta nacho kiwekewe chujio kwenye matundu ya hewa, kwani salfa huishambulia shaba na kuifanya nyeusi.

Mpango huo huo ulikosea pa kuchekesha. Mikorosho miwili iliachwa upande wa mashariki wa uwanja kwa sababu mwenyewe hakuwa amemaliziwa fidia. Ilikua, ikatupa kivuli kwenye mstari wa kwanza hadi saa 3 asubuhi. Kivuli cha paneli moja hupunguza mstari mzima wa 18, kwa hiyo deni dogo la fidia lilikula umeme kwa miaka mitatu.

Waliobuni makazi ya aina hii kwingineko wamekutana na maswali yale yale kwa fedha nyingi zaidi. Mji wa Babcock Ranch, Florida, Marekani, ulibaki na umeme kimbunga Ian kilipopiga Septemba 2022, na husifiwa kwa uwanja wake wa paneli ulioanza na megawati 75. Kinachosahaulika ni kwamba mji huo umeunganishwa na gridi, na nyaya zake zimepita chini ya ardhi. Drake Landing, Kanada, nyumba 52 zilizopashwa joto la jua kupitia mtambo wa pamoja tangu 2007, ulifungwa 2024 kwa kuwa vifaa vilichakaa na kuvikarabati kukawa ghali. Mtambo wa pamoja huzeeka kwa siku moja kwa watu wote, na hakuna anayeweza kuuacha kimya kimya kama angeacha sola ya paa lake.

Katika kisa cha Lindi, kosa lililozaa mengine ni kuuza viwanja vyenye mipaka ya ardhi bila mipaka ya umeme. Mita zingefungwa siku ya kwanza, zikiwa na uniti zake kwenye mkataba wa mauzo, vyumba vya uani vingejengwa na paneli zake. Mgao wa 2024 ulikuwa wa haki kihesabu lakini ulikuja baada ya watu kuwekeza, ndiyo maana uliitwa unyang'anyi. Ruhusa ya kuhamishiana uniti ndiyo iliyouokoa. Bila hiyo wiring za wizi zingerudi.

Kosa la ada lina ukubwa ule ule. Kamati iliogopa kutaja 20,000 mbele ya watu waliozoea kulipa kwa msimu wa korosho. Njia iliyokuwa wazi haikutumika: kukata akiba ya betri mara moja kwa mwaka, malipo ya mnada wa korosho yanapoingia, badala ya kuidai kila mwezi hata ufuta na korosho vinapokuwa bado shambani.

Kuhusu gridi, chama kilijaribu kutenganisha ada mbili: moja ya kiwanja, kwa ajili ya kisima na taa za barabarani, inayolipwa na wote 46; nyingine ya umeme wa nyumbani, kwa wanaotumia. Kati ya kaya 14 zilizoondoka, tisa zilisaini. Tano zilisema mkataba wao wa ununuzi hauna kifungu hicho, na ni kweli hauna. Umeme wa gridi unapokatika wakati wa mvua, hao hao huja ofisini kuomba waya wa zamani urudishwe kwa usiku mmoja.

Kamati haikuwarudishia waya. Ilichofanya ni kuhamishia ada ya kiwanja kwenye maji. Pampu inaendeshwa na sola, na bomba la chama ndilo pekee mtaani, kwa hiyo bei ya uniti ya maji ilipandishwa kiasi cha kubeba taa, mlinzi na sehemu ya akiba ya betri, kisha nyumba zilizosaini zikapewa punguzo. Viwanja vinne vilivyokuwa havijauzwa vimetolewa kwa mkataba mpya, ukurasa wa pili unataja urefu na upana wa kiwanja, na chini yake uniti 1.8.